Tumkumbuke Mwariama, lakini tusiwasahau waliolichimba handaki

Iko picha moja ambayo takriban kila mwalimu wa historia katika nchi hii amewahi kuiona. Ndani yake Mzee Jomo Kenyatta yuko pamoja na mwanamume mwenye nywele ndefu zilizosokotana, mtu ambaye sura yake inaonyesha dhahiri kwamba ametoka mbali. Picha hiyo ni ya siku za uhuru wetu, mwishoni mwa 1963. Mara nyingi huchapishwa kwa maelezo kwamba mtu yule ni Dedan Kimathi. Jambo hilo haliwezekani kamwe. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti mnamo Februari 18, 1957, wakati Kenyatta mwenyewe alipokuwa mfungwa kule Lokitaung. Mtu wa pichani ni Musa Mwariama wa Meru.

Hivi majuzi mwanafunzi wangu mmoja alinijia na picha hiyo, akishikilia kwamba ni Kimathi. Nilipomsahihisha alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: ikiwa wote wawili walikuwa msituni, na wote wawili walisakwa na jeshi lile lile, mbona mmoja alinaswa na mwingine asinaswe? Nilimjibu kwa pupa kwamba Mwariama alikuwa na bahati. Nimelijutia jibu hilo. Mimi si mwanahistoria wala mwanajeshi. Kazi yangu ni kuchunguza maneno. Hata hivyo, swali la mwanafunzi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Mwariama alizaliwa yapata mwaka 1928 huko Muthara, Tigania, kaskazini mashariki mwa Mlima Kenya. Jina lake la nyumbani lilikuwa M'Kiribua. Wakati huo utawala wa Waingereza ulikuwa na umri wa miaka 20 tu katika Meru, kwani Edward Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, alifungua kituo cha serikali huko mwaka 1908. Embu ilikuwa imetiishwa kwa bunduki miaka miwili kabla ya hapo. Katika miaka ya 1930 Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa wilaya chache ambamo Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo walowezi walitaka liwe lao peke yao. Serikali iliamini kwamba watu wa kahawa hawataasi. Imani hiyo haikukosa chembe ya ukweli. Vuguvugu la Mau Mau lilichelewa kuenea Meru kuliko lilivyoenea Nyeri, na wazee wengi wa Njuri Ncheke walisimama upande wa serikali. Lakini kuchelewa si kukosa kufika.

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 20, 1952. Vikosi vya Mlima Kenya viliongozwa wakati huo na Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, ambaye alikuwa amepigana kule Burma akiwa askari wa Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. China alijeruhiwa na kukamatwa mnamo Januari 15, 1954. Baada ya hapo kila upande wa mlima ulilazimika kujisimamia. Katika Embu lilivuma jina la Jenerali Kubukubu. Katika Meru yalivuma majina ya Jenerali Baimungi na Mwariama. Huyu wa mwisho alipanda hadi cheo cha Fildi Mashali, na ndiye kiongozi wa ngazi ya juu kabisa aliyetoka msituni akiwa hai, bila kukamatwa wala kujisalimisha kwa mkoloni. Ili tuelewe uzito wa jambo hilo, yatupasa kwanza tuelewe alizungushiwa nini.

Watu wengi hudhani kwamba kizuizi cha kivita huwekwa ili adui asipite. Neno lenyewe latudanganya. Hakuna handaki lisilovukika, wala hakuna ua wa miiba usiokatika, mradi mvukaji awe na muda. Kazi hasa ya kizuizi ni kuula muda huo. Humchelewesha adui, humtenga na wenzake, humlazimisha kufuata njia asiyoichagua mwenyewe, na mwishowe humfikisha mahali ambapo kuna mtu anayemngoja. Ndiyo maana makamanda hufundishwa kwamba kizuizi kisicho na jicho la kukitazama na bunduki ya kukilinda ni kazi bure. Aidha, hufundishwa kwamba kizuizi kimoja hakitoshi: viwekwe tabaka baada ya tabaka, na viunganishwe na vile vilivyoumbwa na Mungu, yaani mito, magenge na misitu.

Maarifa haya hayakuletwa na Waingereza. Wachuka, walio kati ya Embu na Meru, waliyajua kabla ya mzungu wa kwanza kukanyaga nchi yao. Waliacha ukanda wa msitu bila kuufyeka pembezoni mwa makazi yao, wakabakiza ndani yake vijia vyembamba vilivyofungwa kwa malango ya magogo, na kando ya vijia hivyo wakachimba mashimo yenye vijiti vilivyochongwa ncha. Mgeni asiyealikwa aliingia mmoja mmoja, akiwa ameinama, huku wenyeji wakimwona naye asiwaone. Tuyashike mambo mawili kuhusu ulinzi huo wa kale. Waliouchimba ndio waliolindwa nao. Pia msitu ulikuwa upande wa wenyeji.

Katika vita vya miaka ya 1950 mambo hayo mawili yaligeuzwa kichwa chini miguu juu. Jenerali George Erskine aliwasili nchini Juni 1953. Misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ilitangazwa kuwa eneo lililopigwa marufuku, ambamo yeyote aliyeonekana angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Kando ya msitu ukafyekwa ukanda wenye upana wa maili moja. Nyumba zikabomolewa na mashamba yakaachwa matupu. Kuanzia katikati ya 1954 watu wa maeneo ya Wakikuyu na Waembu, pamoja na sehemu za Meru, walihamishwa kwa nguvu kutoka vilima vyao na kurundikwa katika vijiji vipya. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa vimezungushiwa ua wa seng'enge na mtaro wake. Kati ya vijiji na msitu likachimbwa handaki kuu la ukingo wa Mlima Kenya.

Handaki hilo lilikuwa na urefu wa yapata maili 50, yaani kilomita 80. Katika sehemu nyingi kina chake kilikaribia futi 10 na upana wake futi 16. Chini yake ilisimikwa mianzi iliyochongwa ncha, na kando yake vikajengwa vituo vya walinzi wa nyumbani na polisi. Mwanafunzi wa hesabu na achukue kalamu. Shimo la kina cha mita 3 na upana wa mita 5 hutoa mita za ujazo 15 za udongo katika kila mita moja ya urefu. Hata tukilipunguza nusu kwa sababu kuta zake ziliinama, bado kila hatua moja ya handaki lile ilidai zaidi ya tani 10 za udongo mwekundu. Udongo huo wote ulichimbwa kwa jembe na kubebwa kwa karai na kikapu.

Sasa na tumtazame Mwariama akiwa ndani ya msitu, akihitaji kikapu kimoja cha viazi vikuu. Mwenye viazi amefungiwa kijijini tangu jioni kwa amri ya kutotoka nje. Akithubutu kutoka, kuna seng'enge na mtaro wa kijiji. Akivuka hapo, kuna handaki kuu na vituo vyake. Akilivuka, kuna ukanda mtupu ambamo hapana hata kichaka cha kujifichia. Ndipo ufikapo msitu, ambao nao umejaa doria, na ambao ndege za kijeshi ziliupiga mabomu tangu mwisho wa 1953 hadi katikati ya 1955. Handaki halikuchimbwa ili kuwazuia wapiganaji wasitembee. Lilichimbwa ili kukata mkono uliowalisha.

Tuseme kweli, mbinu hiyo ilifaulu. Wapiganaji walijua kulivuka handaki kwa magogo, usiku, hasa mvua iliponyesha na kufuta nyayo. Lakini kila safari ilidai muda mrefu zaidi na ilirudi na watu wachache zaidi. Njaa ikawafanya baadhi yao kuwanyang'anya chakula watu wale wale waliokuwa wakiwalisha kwa hiari, na penye kunyang'anyana upendo haukai. Kimathi mwenyewe alitoka kutafuta chakula, akapigwa risasi na kukamatwa kwenye ukingo wa msitu wa Nyandarua, upande wa Nyeri, alfajiri ya Oktoba 21, 1956. Hapo ndipo kanuni niliyoitaja ilipotimia. Njaa ilimpeleka mtu mahali ambapo bunduki ilikuwa ikimngoja.

Kwa nini basi Mwariama hakufikishwa hapo? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu kila kizuizi kina mwisho wake, naye alikuwa mtu wa mwishoni. Nguvu nyingi za jeshi zilielekezwa Nyeri, Murang'a na Kiambu. Tigania iko mbali na huko, kwenye bega la vilima vya Nyambene, na chini yake nchi inateremka hadi mbuga kavu za kaskazini na bonde la mto Tana. Aliyebanwa mlimani aliweza kuhamia Nyambene. Aliyesakwa Nyambene aliweza kushuka nyikani. Isitoshe, miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya imekatwakatwa na mito mirefu: Rupingazi na Thuci upande wa Embu, Mutonga na Kathita upande wa Meru. Handaki haliwezi kuziba bonde la mto. Linapolifikia bonde huacha mwanya, na mwenyeji huujua mwanya huo hata gizani. Jeshi la Uingereza liliondolewa katika operesheni za msituni mwishoni mwa 1956, na hali ya hatari ikaondolewa Januari 1960. Mwariama alikuwa angali huko ndani.

Hilo ndilo jibu la swali la mwanafunzi wangu, nami ningeweza kukomea hapo kama nisingekuwa mwalimu wa lugha. Kuna jambo katika maelezo yangu mwenyewe linalonikera. Rudi juu, msomaji, uisome tena sentensi yangu kuhusu handaki. Nimesema likachimbwa. Likachimbwa na nani?

Kiswahili, kama lugha nyingi za dunia, kina kauli ya kutendwa, na kauli hiyo inaturuhusu kumdondosha mtenda bila sentensi kuvunjika. Twasema nyumba imejengwa, ng'ombe amechinjwa, handaki limechimbwa, na kila mtu anaridhika. Ni rahisi sana kwa historia kujificha nyuma ya kiambishi kimoja kidogo. Vitabu vingi vinavyolitaja handaki la Mlima Kenya hulitaja kwa kauli hiyo. Msomaji mchanga atadhani lilichimbwa na jeshi, au kwa mashine, au lilijichimba lenyewe.

Lilichimbwa na wanawake. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, au msituni, au wameajiriwa kuwa walinzi. Waliosalia vijijini walikuwa akina mama, wazee na watoto, nao ndio waliotolewa kila alfajiri chini ya ulinzi kwenda kufanya kazi ya lazima bila malipo. Nyanya yangu mzaa mama, aliyeishi upande wa Manyatta katika Embu, alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kulitaja kwa jina la handaki. Aliliita kazi, basi. Akisema mwaka wa kazi, sote nyumbani tulijua ni mwaka gani. Kaka yake mmoja alikuwa msituni na kaka yake mwingine alikuwa mlinzi katika kituo cha ukingoni. Yeye alichimba kati yao. Nilipokuwa mdogo nilidhani huo ni mkasa wa nyumba yetu pekee. Nilipokua nikagundua kwamba nyumba nyingi za Embu na Meru zilikuwa na mkasa wake kama huo.

Neno handaki lilitujia kutoka Kiarabu, nao Waarabu waliliazima kwa Waajemi. Waislamu wanalikumbuka kutokana na vita vya Madina vya mwaka 627, pale Salman al-Farisi alipomshauri Mtume Muhammad (S.A.W.) achimbe handaki upande wa mji uliokuwa wazi. Katika vita vile waliozingirwa walichimba wenyewe, Mtume akiwa miongoni mwao, na handaki likawaokoa. Neno lile lile lilipotumiwa mlimani kwetu lilikuwa limepoteza utu wake. Waliozingirwa walilazimishwa kuchimba ili ndugu zao wafe njaa. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huku kwetu mwenye kuamuru kichimbwe hakuingia. Aliyeingia ni mama mwenye jembe. Sarufi yetu ina kauli inayofaa hapa kuliko ile ya kutendwa: wanawake walichimbishwa.

Turudi kwa Mwariama. Uhuru ulipowadia Desemba 12, 1963, wapiganaji waliobaki katika misitu ya Meru waliitwa watoke, nao wakatoka, Mwariama akiwa kinara wao. Ndipo akaonana na Kenyatta, na ndipo picha ile ikapatikana. Lakini furaha haikudumu kwa wote. Ardhi waliyoipigania ilikuwa ikigawiwa katika mipango ya makazi kwa njia ya kuuzwa kwa mkopo, na mtu atokaye msituni hana hata senti ya malipo ya kwanza. Jenerali Baimungi hakuridhika na alichokiona. Alirejea msituni na wafuasi wake, na Januari 1965 akauawa na majeshi ya serikali ya Kenya huru. Mtu ambaye Waingereza hawakumpata aliuawa chini ya bendera aliyoipigania. Mwariama aliishi hadi 1989. Hakuiona siku ambayo marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa na wakoloni mwaka 1950, ilifutwa rasmi. Siku hiyo ilifika mwaka 2003.

Je, waliochimba nao walipata nini? Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 waliothibitisha kuteswa jumla ya pauni milioni 19.9. Ilikuwa hatua kubwa, nayo ilisaidiwa na maelfu ya faili za kikoloni zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi zilipofichuliwa mwaka 2011. Baadaye Wakenya zaidi ya 40,000 walifungua kesi nyingine mjini London. Miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa kuhamishwa kwa nguvu na kufanyishwa kazi ya lazima. Mwaka 2018 kesi hiyo ilitupiliwa mbali. Muda mrefu mno ulikuwa umepita, na mahakama iliona kwamba ushahidi ulikuwa umefifia kiasi cha kutoweza kupimwa kwa haki.

Uamuzi huo uniumizao moyo unanifundisha jambo. Tulikuwa na miaka zaidi ya 50 ya kuwauliza akina mama wetu, tukaridhika na kauli ya kutendwa. Mimi mwenyewe simo nje ya lawama. Nimetembea na kinasa sauti vijijini mwa Embu na Meru kwa miaka mingi, nikirekodi irabu na vitenzi, na sikumrekodi nyanya yangu hata siku moja kuhusu kazi yake. Alifariki na maelezo yake yote.

Leo ukingo wa msitu una ua wa umeme wa kuzuia ndovu, ambao ujenzi wake ulianza 2012. Watoto wa huko waujua sana. Lakini handaki limejaa udongo katika sehemu nyingi. Kwingine pamepandwa chai na migomba. Kwingine limebaki kama bonde dogo ambalo mbuzi hulala humo. Mtoto anaweza kulivuka kila siku akienda shuleni asijue anavuka nini.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa Meru, Tharaka Nithi na Embu ni dogo na lina haraka. Mfundisheni mtoto kwamba mtu wa pichani ni Mwariama. Kisha msimalize somo hapo, kwa maana shujaa asiyeelezewa alizungushiwa nini hugeuka kuwa hekaya. Mwambieni mwanafunzi aende nyumbani akamuulize mzee yeyote aliyebaki: handaki lilipita wapi, nani aliamshwa alfajiri kwenda kulichimba, nani hakurudi. Aandike majina, na majina hayo yahifadhiwe katika maktaba ya shule. Aliyekuwa msichana wa miaka 18 mwaka 1955 leo anakaribia miaka 90. Hatungojei tena miaka, twangoja miezi.

Naye mwanafunzi wangu nimempa kazi hiyo hiyo. Nimemtaka aniandikie sentensi kuhusu handaki la Mlima Kenya, na nimemwonya kwamba sitaikubali isiyo na mtenda.